Watoto kutembelea kiwanda: katuni ya mwaka wa 1990 na maulizo ya Lubumbashi

Lubumbashi – Basi ya masomo inasimama mbele ya kiwanda. Watoto wanashuka na makelele, mwalimu anawahesabu, mutu mumoja wa kampuni anawapokea na tabasamu. Wanapewa maelezo, wanaonyeshwa filimu fupi, wanapita mbele ya mashini kubwa, kisha wanarudia nyumbani. Wazazi wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaijua safari ya namna hiyo. Wengine waliifanya wao wenyewe wakati walikuwa wangali watoto na Gécamines ilikuwa na nguvu.

Lakini basi yenye inazungumuziwa hapa haikusimama Katanga. Ilisimama katika muji wenye hauko kwenye karte yoyote, muji wa Springfield, katika filimu za katuni za Marekani zenye kuitwa The Simpsons. Watoto wetu wanaziita desini anime, na wenye walizifuata ku televizyo walizisikia kwa Kifaransa, kwa jina la Les Simpson. Katika kipindi kimoja cha zamani, watoto wa masomo wanatembelea kiwanda cha umeme wa nyuklia. Ni kichekesho. Ila mutu wa Haut-Katanga akikiangalia muzuri, anaona mambo mengi yenye anayajua.

Safari ilienda namna gani

Kipindi hicho kinaitwa Homer's Odyssey. Kilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 21 ya mwezi wa kwanza, mwaka wa 1990, ku televizyo ya Fox ya Marekani. Kilikuwa kipindi cha tatu tu cha musimu wa kwanza wa The Simpsons. Mwenye alibuni familia hiyo ni muchoraji Matt Groening. Kipindi kinapita dakika 20 kidogo tu, lakini mambo yenye kiko nayo ni mengi.

Mwalimu Krabappel anapeleka wanafunzi wake kwenye kiwanda. Kati yao kuko Bart, mutoto mutundu, mwenye baba yake Homer anatumika palepale. Kwa kawaida mutoto angefurahi kuona baba yake ku kazi. Homer naye anafurahi sana. Anapita na kigari kidogo cha kiwanda, anaona mutoto wake, anageuka kumupungia mukono, na palepale anagonga bomba. Kiwanda kinaingia katika matatizo, na musimamizi wake anamufukuza kazi mbele ya watoto wote.

Watu wanacheka. Lakini ukisimamisha filimu pale na kufikiri kidogo, unaona jambo zito: baba amepoteza kazi mbele ya mutoto wake. Lubumbashi inajua maana ya baba kurudi nyumbani bila kazi. Wakati Gécamines ilianguka katika miaka ya 1990, na wakati maelfu ya wafanyakazi waliondolewa mu mupango wa mwaka wa 2003 wenye watu waliuita départ volontaire, nyumba nyingi za Katanga zilipita katika hali ileile. Homer anatafuta kazi nyingine, anakosa, anakaa kwenye kiti siku nzima, mpaka anakata tamaa kabisa. Mwandishi wa katuni anachekesha, lakini hafichi kwamba kukosa kazi kunavunja roho ya mutu.

Filimu ya kampuni na uchafu chini ya mukeka

Sehemu yenye mafundisho zaidi inapita mbele ya ajali ya Homer. Watoto wanakalishwa mbele ya filimu ndogo ya kampuni. Mutu mumoja wa katuni, mwenye kucheka kila saa, anaeleza namna umeme wa nyuklia unatengenezwa: ni rahisi, ni safi, hakuna hatari. Mwishoni kunabakia uchafu kidogo. Mutu huyo anaufagia, anauingiza chini ya mukeka, na filimu inaisha. Hakuna mutu anauliza mukeka huo ulitandikwa wapi, wala nani anaishi karibu nao.

Hapo ndipo kichekesho kinagusa kweli. Kampuni haikusema uongo kuhusu umeme: umeme unatoka, taa zinawaka. Kampuni ilichagua tu kile watoto wataona na kile hawataona. Katika safari yoyote ya kutembelea kiwanda ni vilevile. Mwenyeji ndiye mwenye kuchora njia. Kama njia inapita kwenye ofisi safi, kwenye mashini mupya na kwenye chumba cha soda, watoto watarudia nyumbani wakisema kiwanda ni muzuri. Mufereji wenye kubeba maji machafu nyuma ya ukuta haukukuwa kwenye njia.

Uraniamu na watu wa Katanga

Kwa mukaaji wa Haut-Katanga, habari ya nyuklia haiko ya mbali. Shinkolobwe iko karibu na Likasi. Uraniamu ya pale ilivumbuliwa mwaka wa 1915, na Union Minière ikaanza kuchimba katika miaka ya 1920. Kwanza walitafuta radiamu, yenye ilikuwa na bei kubwa sana kwa mahospitali ya Ulaya na Marekani. Uraniamu yenyewe haikuwa na faida kubwa wakati ule.

Mambo yalibadilika wakati wa vita. Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1.000 za mawe ya Shinkolobwe New York, na zikawekwa Staten Island. Mwaka wa 1942, jeshi la Marekani lilinunua mawe hayo kwa ajili ya mupango wake wa siri wa kutengeneza bomu. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu yenye iliangushwa Hiroshima, tarehe 6 ya mwezi wa nane, mwaka wa 1945, ilitoka hapa kwetu. Wachimbaji wa Katanga walibeba mawe hayo kwa mikono bila kuambiwa yanaenda kufanya nini.

Inchi yetu pia ilipata mashini ya nyuklia mbele ya inchi zote za Afrika. Iliitwa TRICO I, na ilianza kutumika mwaka wa 1959 kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo. TRICO II ilifuata mwaka wa 1972. Zilikuwa mashini ndogo za utafiti na za kufundisha, hazikukuwa za kutoa umeme kwa muji.

Shimo la Shinkolobwe lilifungwa na kujazwa maji wakati wa uhuru. Lakini katika miaka ya kufuata, wachimbaji wadogo wadogo waliingia pale kutafuta kobalti. Mwezi wa kwanza wa 2004, Rais wa Jamhuri alitia sahihi amri ya kufunga mahali hapo. Hata hivyo, mwezi wa saba wa mwaka uleule udongo ulianguka na kuua watu wasiopungua wanane. Kwa hiyo, wakati katuni ya Marekani inachekesha juu ya uchafu wenye kuingizwa chini ya mukeka, kuko watu Katanga wenye waliishi juu ya mukeka huo.

Mulima wenye watoto wote wanachora

Mutoto wa Lubumbashi akiambiwa achore muji wake, mara nyingi atachora vitu viwili: cheminée ndefu na mulima mweusi kando yake. Shaba ya kwanza ilitoka katika kiwanda hicho mwaka wa 1911, mwaka mumoja tu kisha muji kuanzishwa. Cheminée yenyewe inapita metre 150. Mulima, wenye watu wanauita terril, ni masalio ya mawe yenye yaliyeyushwa miaka na miaka. Picha yake iko kwenye kalenda, kwenye uchoraji wa wasanii wa muji, na hata kwenye nguo.

Picha hiyo ni fahari ya muji. Lakini pia ni alama ya uchafu. Kwa miaka mingi moshi wa kiwanda ulisukumwa na upepo wenye kutoka kusini-mashariki, ukaanguka upande wa kaskazini-magharibi. Pale kulibakia udongo wenye miti na majani havikuota tena. Mutaa wa Penga-Penga uko katika sehemu hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupanda miti na majani yenye kuvumilia shaba, na wamepima pia madini katika udongo na katika mboga zenye watu wanalima ndani ya muji. Kazi yao inaonyesha kwamba madini ya kiwanda haikai kiwandani. Inaingia katika vumbi, katika maji, katika lengalenga na matembele.

Tena kuko jambo la kushangaza: mulima huo wenye uliitwa uchafu, leo ni mali. Kampuni ya STL, ya Gécamines, inatoa humo kobalti, shaba, zinki na jerimaniamu, madini yenye kutumiwa katika vyombo vya elektroniki. Mwezi wa kumi wa 2024, jerimaniamu ya kwanza ya Lubumbashi ilisafirishwa kwenda Ubelgiji. Mutoto mwenye anatembelea mahali hapo anaweza kufundishwa vyote viwili: faida yenye iko ndani ya mulima, na bei yenye mutaa ulilipa juu yake. Akifundishwa faida peke yake, ameonyeshwa filimu ya Springfield.

Samaki wa macho tatu

Waandishi wa The Simpsons walirudilia jambo hilo miezi michache kisha pale. Katika kipindi cha tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja, 1990, Bart na dada yake Lisa wanavua samaki wa macho tatu katika mutoni karibu na kiwanda. Gazeti linaandika, serikali inatuma watu wa kupima, na bosi wa kiwanda, Bwana Burns, anaona kwamba kutengeneza kiwanda kutakula feza nyingi. Anachagua njia nyingine: kugombea kiti cha gavana, ili sheria iwe mukononi mwake. Ku televizyo anaeleza kwamba samaki huyo ni maendeleo ya viumbe, na kwamba anakulika muzuri.

Mwishoni anakaribishwa kula kwa familia ya Homer, na kamera zote ziko pale. Marge, mama ya nyumba, hasemi maneno mengi. Anamuletea samaki wa macho tatu kwenye sahani. Burns anatia kipande katika kinywa, anashindwa kumeza, anatema. Uchaguzi umeisha.

Mama huyo alifanya kile hata mukaaji wa kawaida anaweza kufanya: kuomba mwenye kusema kitu ni kizuri akitumie yeye wa kwanza. Kama maji ya mutoni haina neno, mukubwa akunywe. Kama vumbi haina neno, alete watoto wake wakae mutaani.

Hapa kwetu jambo hili haliko la kuchekesha peke yake. Mwaka wa 2020, watafiti wa Lubumbashi na wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti juu ya watoto wenye walizaliwa Lubumbashi na kilema chenye kuonekana. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wenye baba zao walitumika kazi ya madini. Utafiti wa namna hiyo hauonyeshi kwamba kila kilema kinatoka ku madini, na mutoto mwenye kilema hapashwe kuchekwa wala kuonyeshwa kidole. Unaonyesha kwamba kazi ya baba inaweza kumufikia mutoto mbele hajazaliwa. Ndiyo sababu ulizo la usalama si la wafanyakazi peke yao.

Mwenye kulalamika anapewa kiti

Sasa turudie kwa Homer, maana mwisho wa kipindi cha safari ndio unauma zaidi. Wakati alikuwa amekata tamaa, alionea familia yake karibu kugongwa na gari kwenye njia panda, akawaokoa. Toka siku ile anakuwa mutu wa usalama. Anaenda kwa wakubwa wa muji, anaomba alama ya kusimamisha magari pale. Anapewa. Watu wanaanza kumufuata. Kisha anasema: hatari kubwa ya muji huu haiko njia panda, iko kiwanda cha nyuklia. Watu wengi wanaandamana pamoja naye mpaka mulangoni.

Burns anaangalia kundi lile, na hamutumii polisi. Anamwita Homer katika ofisi na kumupa kazi: awe musimamizi wa usalama wa kiwanda, na mushahara wa juu. Homer yuko na bibi, watoto, na deni. Anakubali. Anatoka, anaambia watu kwamba kuanzia sasa wajilinde wao wenyewe. Watu wanamupigia mikono, wanaenda zao. Katika vipindi vyenye vilifuata kwa miaka, Homer anaonekana akilala usingizi kwenye kiti kilekile cha usalama.

Hakuna haja ya kueleza sana kwa musomaji wa Congo. Mwenye anasema kwa nguvu juu ya mutaa, kesho anaonekana na kofia ya kampuni. Ni vigumu kumuhukumu, sababu nyumba yake pia iko na njaa. Lakini kosa la watu wa Springfield lilikuwa kubwa kuliko la Homer: walitia jambo lote mukononi mwa mutu mumoja. Siku aliondoka, hakuna mutu alijua karatasi ziko wapi, ahadi gani zilitolewa, na nani wa kuuliza tena.

Kichekesho si kitu kigeni Lubumbashi

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wazungu, sisi hatuzoee kucheka wakubwa. Haiko kweli. Lubumbashi ilikuwa na Odilon Kyembe Kaswili, mwenye watu wote walimujua kwa jina la Mufwankolo. Kundi lake la teatre lilichekesha muji ku redio na ku televizyo, kwa Kiswahili cha hapahapa, bila kuandika maneno mbele. Walipatana tu juu ya hadisi, kisha kila mumoja anaingia na maneno yake. Walizungumuzia nyumba, kazi, deni, uchawi, mukubwa na mudogo. Mwaka wa 1986, wakati wa Mobutu, walitayarisha muchezo juu ya usemi wa kwamba utawala unaliwa muzima, haugawanywe. Mutafiti Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, na kilitoka mwaka wa 1990, mwaka uleule Bart alitembelea kiwanda.

Upande wa katuni pia inchi iko na watu wake. Jean-Michel Kibushi alitengeneza Muana Mboka, katuni juu ya mutoto wa barabarani wa Kinshasa. Kenya nayo ilianzisha The XYZ Show mwaka wa 2009, yenye mabandia ya mupira yanaigiza wakubwa wa siasa. Pote kazi ni moja: kusema kwa kicheko jambo lenye likisemwa kwa hasira litaleta ugomvi. Mutoto anasikiliza, mukubwa naye hakose kusikia.

Maulizo ya kubeba katika basi

Kutembelea kiwanda si jambo baya. Mutoto wa Haut-Katanga anapaswa kujua shaba inatoka namna gani, sababu ndiyo inalisha jimbo. Wengine wataanza kupenda kazi ya injenia siku hiyo. Lakini safari inakuwa na faida kama mwalimu anaitayarisha siku moja mbele, na kila kundi la watoto linabeba ulizo lake. Haya yanaweza kusaidia:

Maji yenye kiwanda inatumia yanatoka wapi, na yakimalizika kutumiwa yanaenda wapi?

Uchafu wenye kubakia unawekwa mahali gani, na nani anaulinda wakati wa mvua?

Wafanyakazi wanavaa nini juu ya vumbi, na wanapimwa afya mara ngapi kwa mwaka?

Kiwanda kikifungwa, nani atasafisha?

Ulizo la mwisho si la utundu. Sheria ya madini ya mwaka wa 2002, yenye ilibadilishwa mwaka wa 2018, inaomba kampuni iweke feza pembeni kwa kazi ya kurudisha udongo katika hali ya muzuri. Sheria hiyohiyo inaomba kampuni yenye kuchimba itoe kwa wakaaji wa karibu angalau 0,3% ya mauzo yake, na itie sahihi cahier des charges pamoja nao: karatasi yenye kuandikwa masomo gani yatajengwa, vituo gani vya afya, maji gani yatachimbwa, na kwa tarehe gani. Kwa hiyo kuko ulizo la tano, lenye mwalimu na wazazi wanaweza kuuliza wenyewe: cahier des charges ya hapa inasema nini, na kazi imefikia wapi?

Kisha safari, watoto waandike kile waliona na pia kile walikatazwa kuona. Mwalimu aweke karatasi hizo ku masomo, watoto wa mwaka wenye kuja wazisome mbele ya kupanda basi. Kwa namna hiyo maulizo hayatabakia kwa mutu mumoja mwenye anaweza kuitwa katika ofisi.

Na kama mutoto mumoja anainua mukono katikati ya filimu ya kampuni na kuuliza: «Na ule uchafu unaenda wapi?», mwalimu asimunyamazishe mbele ya wageni. Amwachie nafasi, na yeye pia angojee jibu.